Sikio la Bibi Tupokigwe

1

Data za Kasyeto zililingana na modeli yangu hadi tarakimu ya sita baada ya nukta, na hilo ndilo lililoniharibia asubuhi.

Mwamba haukubaliani na mtu kwa kiwango hicho. Ukipima ufa ulio kilomita moja na zaidi chini ya ardhi, ukapata jibu linalotofautiana na utabiri wako kwa asilimia kumi, unamshukuru Mungu na kwenda kunywa chai. Ukipata jibu lilelile, tarakimu kwa tarakimu, ujue hakuna aliyepima.

Nilifungua rekodi za hatua ya kumi na tatu ya kusukuma maji. Zililingana. Za kumi na mbili, zililingana. Nilirudi nyuma hadi hatua ya kwanza, miaka tisa iliyopita. Kila siku tuliyosukuma maji chini kwa shinikizo kubwa, vinasa mtetemo vyote kumi na kimoja vya Kasyeto vilisema kile hasa ambacho modeli ilitarajia viseme. Siku nyingine, pampu kubwa zikiwa zimezimwa, vilisema mambo yao kama vinasa vyovyote: lori limepita, ng'ombe anajikuna kwenye nguzo, mvua.

Hatua ya kumi na nne ilikuwa kesho yake, Alhamisi, saa tisa alasiri.

Nilimpelekea Mkurugenzi Lwitiko. Alikuwa anamenya karanga juu ya ripoti ya mwezi.

"Zinalingana," nilimwambia.

"Si ndiyo vizuri?"

"Zinalingana mno."

"Dada Subi." Alipangusa maganda. "Mwaka juzi ulikaa kwenye kiti hichohicho ukilalamika kwamba hazilingani. Nikakupa watu wawili na kompyuta mpya. Sasa zinalingana, unalalamika. Nikupe nini leo?"

"Siku kumi. Ahirisha hatua."

"Kwa sababu gani niandike?"

"Kwamba sina imani na data za Kasyeto."

"Modeli inayo?"

Modeli ilikuwa nayo. Uhakika wake ulisimama kwenye asilimia tisini na saba, na chini ya Sheria ya Miamba hiyo ndiyo hesabu pekee iliyokuwa na maana. Hakuna pampu iliyowashwa wala kijiji kilichohamishwa bila cheti cha modeli iliyosajiliwa. Sheria ilitungwa ili wanasiasa wasiamue kwa midomo mahali ufa unapokwenda. Nilikuwa kijana ilipopitishwa, na nilipiga makofi.

"Usipoweka dole gumba lako kwenye cheti kesho," alisema Lwitiko, bila ukali, "mfumo utampelekea mhandisi wa zamu Dodoma. Ataona tisini na saba, ataweka lake. Itamchukua dakika nne. Unataka kugoma kwa dakika nne?"

Sikutaka. Nilichotaka ni kujua ufa uko wapi.

Hoja yenyewe ni rahisi. Ukisukuma maji kwenye mwamba wenye joto, shinikizo likizidi nguvu inayoubana, mwamba hupasuka, na maji huingia na kuupanua ufa. Yanarudi juu yakiwa mvuke, mvuke unazungusha mtambo, hospitali ya wilaya inapata umeme na majani ya chai yanakaushwa. Ufa hauendi unakotaka wewe. Hufunguka upande ambao mwamba umebanwa kidogo zaidi. Hata maji yenyewe hayafiki kwenye ncha yake. Nyuma ya ncha kunabaki nafasi finyu isiyo na maji, na humo ndimo hesabu nyingi za watu wenye digrii huharibikia. Modeli yangu iliukata mwamba wetu vipande milioni arobaini, ikakokotoa kila kimoja kimebanwa vipi, kisha ikajisahihisha kwa kusikiliza milio midogo ya mwamba unaopasuka.

Kwa mujibu wake, ufa ulikuwa umekwenda kaskazini, chini ya Ilundo. Ndiyo maana kaya mia mbili na kumi na mbili za Ilundo zilihamishwa miaka minne iliyopita. Kusini, chini ya bonde la Kasyeto, haukuwapo. Hilo lilikuwa jambo jema, kwa sababu chini ya Kasyeto, kwenye mita elfu moja na mia moja, kuna mfuko wa hewa ukaa. Hewa hiyo ni nzito. Ikitoka hujaa bondeni kama maji kwenye beseni, haina rangi wala harufu ya kumshtua mtu, na aliye chini yake hulala. Kasyeto wanaishi watu elfu moja na mia nane.

2

Dereva na fundi wangu ni Gwakisa, mtu wa Ilundo. Niliwahi kumfundisha kusoma mistari ya vinasa kwa sababu nilichoka kupigiwa simu kila waya unapolegea. Alijifunza haraka kuliko wale watu wawili wa Lwitiko.

"Kwa hiyo," alisema tukiteremka kwenda Kasyeto, "hiyo kompyuta inayopulizwa kiyoyozi kuliko mkuu wa wilaya haijui kitu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema inaiga."

"Nimesema kuna mtu anaiga. Sijajua ni nani."

"Basi usinipigie kelele mimi, Dada. Mimi nimekaa kimya."

Sikuwa nimepiga kelele. Nilikuwa nimegonga dashibodi kwa ngumi, kidogo.

Kwenye chemchemi ya Kasyeto tulisimama nikatumbukiza kipimajoto. Kwa miaka yote tisa maji yake yalikuwa nyuzi kumi na tisa. Siku hiyo yalikuwa ishirini na tatu. Wanawake wawili waliokuwa wanafua waliniambia wameyaona, na kwamba wanashukuru, mikono haifi ganzi tena asubuhi.

"Tangu lini?"

"Tangu mliposukuma mara ya mwisho," alisema mmoja. "Tulidhani mmetuwekea hita."

Gwakisa alicheka. Mimi niliandika ishirini na tatu.

Mtunza vinasa wa Kasyeto ni Mwalimu Anyandwile, aliyestaafu shule ya msingi. Kijijini vinasa huitwa masikio, na kila sikio ni mali ya kaya ambayo limefukiwa uwanjani kwake. Hiyo nayo ni sheria. Tulimkuta anatoka nyumbani kwake amevaa koti jeusi, na nyuma yake, kupitia mlango uliokuwa wazi, niliyaona masikio kumi na moja yamepangwa chini ya kitanda, kila moja limefungwa kwenye kipande cha kanga.

Nilihitaji sekunde chache ili nianze na shikamoo.

"Marahaba, Daktari. Mmekuja msibani?"

"Msiba wa nani?"

"Bibi Tupokigwe. Amefariki jana. Tunazika kesho saa tano."

"Poleni sana. Mwalimu, kwa nini masikio yako chini ya kitanda?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza kwa nini siku ya Jumapili hakuna shule. "Kuna msiba. Bonde hili kukiwa na msiba ardhi haichimbwi, na kilichochomekwa ndani yake kinatolewa, mpaka tuanue matanga. Jembe, nguzo, chochote. Shimo ni moja tu, la marehemu. Nimeyatoa jana kama kawaida."

"Kama kawaida."

"Siku nne, kisha nayarudisha. Palepale. Nina alama."

"Na kwenye fomu huwa unaandika nini?"

"Hali ya kawaida."

Nadhani nilitoa sauti fulani, kwa sababu Gwakisa aliacha kuchezea funguo.

"Mwalimu," nilisema polepole, "sikio limetoka ardhini, halisikii chochote, wewe unaandika hali ya kawaida?"

"Daktari." Naye alianza kusema polepole, kwa ile sauti ya ubaoni. "Fomu yenu ina majibu matatu. Hali ya kawaida. Kifaa kimeharibika. Kifaa kimeibiwa. Kifaa hakijaharibika. Hakijaibiwa. Kiko chini ya kitanda changu. Na fomu haikubali kuachwa wazi, inatoa mlio. Ungekuwa wewe ungejibu nini?"

"Ningepiga simu."

"Nilipiga. Mwaka wa kwanza. Akapokea dada mmoja, ana haraka. Akaniambia chagua lililo karibu zaidi na ukweli, Mzee. Nikachagua."

Siikumbuki simu hiyo. Lakini mwaka wa kwanza mradi mzima ulikuwa na mtu mmoja wa kupokea simu za watunza vinasa, na mtu huyo pia ndiye aliyeandika fomu, na ndiye aliyeandika mistari miwili ya programu inayosema: kinasa kikiwa kimya, na mtunzaji akithibitisha hali ya kawaida, jaza pengo kwa thamani inayotarajiwa. Thamani inayotarajiwa inatoka kwenye modeli. Modeli ilikuwa inauliza Kasyeto imesikia nini, ikajijibu, ikafurahi.

"Lakini misiba haiwezi kuangukia siku zetu zote kumi na tatu," nilisema. "Haiwezekani kitakwimu."

Mwalimu aliingia ndani akarudi na daftari la shule lenye jalada la bluu. Alikuwa ameandika kila msiba wa bonde kwa miaka tisa: jina, tarehe ya kifo, masikio kutolewa, masikio kurudishwa. Mwandiko ulikuwa mzuri kupita rekodi yoyote niliyonayo ofisini. Nilizisoma tarehe zangu kumi na tatu humo, moja baada ya nyingine.

"Si nyinyi mnaochagua siku hizo?" aliuliza. "Ofisa wenu wa usalama hunipigia simu. Mzee, kuna msiba? Nikimwambia upo, anasema vizuri, tutasukuma siku ya maziko. Mara mbili za kwanza nilidhani anatudharau."

Gwakisa ndiye aliyeielewa kwanza. "Kuhesabu watu, Dada."

Kanuni ya usalama inadai kwamba kabla ya pampu kubwa kuwashwa, kila mkazi wa bonde awe amehesabiwa na mahali alipo pajulikane. Watu elfu moja na mia nane, mashambani, sokoni, kwa wakwe. Kazi ya siku tatu. Siku ya maziko wote wako uwanja mmoja, na kazi inakwisha ndani ya saa moja. Ofisa wetu wa usalama alikuwa mtu mwangalifu. Mwalimu Anyandwile alikuwa mtu mwangalifu. Nami nilikuwa na sifa hiyohiyo kwenye barua zangu za mapendekezo.

Hakuna sikio hata moja la Kasyeto lililowahi kuwa ardhini siku tuliyopasua mwamba.

3

Mfumo wa vyeti hautambui daftari. Nilijaribu jioni ileile. Ulitaka data ya kinasa. Mwenye modeli anaweza kuibatilisha modeli yake mwenyewe, ila kwa rekodi halisi ya dakika tisini, kutoka angalau kinasa kimoja, inayokinzana nayo. Pampu ndogo zilikuwa zinapasha njia tangu Jumanne, kwa hiyo ufa, popote ulipokuwa, ulikuwa unalia kidogo kidogo. Nilihitaji sikio moja ardhini Kasyeto, Alhamisi asubuhi, katikati ya msiba.

Gwakisa alikuwa na wazo. "Nyuma ya zahanati hakuna mtu. Dakika tano nalifukia."

"Sikio lina mwenyewe. Bila idhini yake rekodi ni batili."

"Kwa hiyo tunakataa kwa sababu ya fomu, si kwa sababu ya marehemu."

"Kwa sababu zote mbili. Ya fomu naweza kuithibitisha."

Saa moja asubuhi tulikuwa uwanjani kwa Bibi Tupokigwe. Niliomba kuonana na binti yake mkubwa, Atuganile. Alikuja akiwa amejifunga kanga kiunoni, macho mekundu, mwiko mkononi; alikuwa anasimamia jiko la watu elfu moja na zaidi na hakuwa na muda wa kulia vizuri.

"Poleni na msiba, mama."

"Tumeshapoa. Wewe ndiye mtu wa mvuke. Mama hakuwapenda."

"Najua. Alituandikia barua sita."

"Saba."

Nilimweleza kama ninavyomweleza kila mtu, kwa radi. Unaona mwanga, unahesabu, unasikia ngurumo. Hesabu ikiwa ndogo, radi iko karibu. Mwamba ukipasuka hutoa mitetemo miwili, mmoja una mbio na mwingine unachelewa. Kinasa kikisikia wa pili nusu sekunde baada ya wa kwanza, ufa uko chini ya Ilundo. Kikiusikia baada ya sehemu mbili za kumi za sekunde, uko chini yetu hapa. Nikamweleza hewa ukaa. Sikupamba.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kutoboa uwanja wetu leo, hapana. Ukijaribu, kaka zangu watakufukuza na mimi nitawashangilia."

"Nimeelewa."

"Hujaelewa, unaitikia tu. Ngoja." Alitazama upande wa migombani, ambako wachimbaji walikuwa wanarusha udongo, vichwa tu vikionekana. "Hicho kitu chako kina ukubwa gani?"

"Kama chupa ya chai."

"Kinakwenda chini kiasi gani?"

"Mita moja na nusu. Zaidi ni bora."

"Kaburi la mama ni mita mbili," alisema.

Mwalimu Anyandwile, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na sikio la kaya hiyo ndani ya kipande chake cha kanga, alivuta pumzi. Mimi nilikuwa naelekea kusema jambo la kitaalamu kuhusu udongo uliolegea, nikaacha.

"Kikiingia hakitoki," nilisema. "Siwezi kukuahidi vingine."

"Nani amekuambia kitoke? Atakaa nacho." Mdomo wake ulicheza kidogo. "Miaka yote alitaka kujua majirani wanasema nini. Sasa atasikia mpaka wa chini." Halafu akageuka, akawaita kaka zake, wakajadiliana kwa sauti za chini kwa dakika ishirini. Nilizihesabu. Mmoja aliondoka kwa hasira na kwenda kupasua kuni. Watatu walibaki.

"Andika kwamba limeombwa," Mwalimu aliniambia pembeni. "Usiandike limewekwa."

Aliyeshuka kaburini ni Gwakisa, kwa sababu wachimbaji hawakutaka na mimi sikuruhusiwa. Sikio moja lenye vihisio vya pande tatu linatoa umbali na mwelekeo, lakini mshale wake lazima utazame kaskazini kamili, na kichwa cha kaburi kilielekea mashariki kidogo.

"Kulia," nilisema toka juu. "Zaidi. Umepitiliza. Gwakisa, hiyo ni kaskazini ya nani?"

"Ya kwetu, Dada. Ninapoangalia ndipo Ilundo."

Nilikagua kwa dira. Alikuwa amekosea kwa nyuzi mbili.

Alilifukia kwa udongo wa kiganja, akapitisha waya mwembamba ukutani mwa kaburi. Atuganile aliweka dole gumba kwenye simu yangu, kwa niaba ya mama yake. Kuanzia saa mbili hadi saa tano nilikaa chini ya turubai na kompyuta mapajani, katikati ya watu wanaoimba na kukanyaga ardhi kwa miguu yote. Skrini ilitapakaa mistari. Lakini miguu ya watu hutetemesha taratibu, na mtetemo wake hutambaa juu juu; mwamba unaopasuka hulia kwa kasi mara kumi na zaidi, na sauti yake inatoka chini. Niliichuja miguu. Ilibaki milio arobaini na mmoja.

Gwakisa alikuwa amechuchumaa begani kwangu. Sikumwelekeza. Alinyoosha kidole kwenye mtetemo wa kwanza wa mlio mmoja, akakipeleka hadi mtetemo wa pili, akasoma kipimo. Akafanya hivyo kwa mlio uliofuata, na uliofuata.

"Sifuri nukta mbili," alisema. "Sifuri nukta mbili. Sifuri nukta mbili moja." Alisoma yote arobaini na mmoja. Hakuna uliofika sifuri nukta tatu.

Umbali wa wastani ulikuwa mita elfu moja mia tatu na themanini. Mwelekeo, karibu chini kabisa. Kati ya ufa na mfuko wa hewa ukaa palikuwa na takriban mita mia tatu, na kila hatua huongeza kama mia nne.

Walipoanza kushusha jeneza nilichomoa waya. Gwakisa alikuwa ameshakwenda kukaa garini.

4

Lwitiko alisoma karatasi mara mbili, karanga zake zikiwa juu ya meza yangu kwenye chumba cha udhibiti. Si mjinga, amewahi kuwa mhandisi. Ilikuwa saa nane na robo. Gwakisa alisimama mlangoni na mkoba wangu.

"Gwakisa, kaka, katie gari maji," alisema Lwitiko.

"Lina maji," alisema Gwakisa. Hakuondoka.

Lwitiko alisukuma karanga pembeni. "Sawa. Hatusukumi. Nitaandika sili ya pampu namba mbili, ule mpira wa kuzuia uvujaji, imepasuka. Nani atabisha? Sili hupasuka. Inatupa miezi miwili. Wewe unafuta mistari yako miwili, Mzee Anyandwile unampa fomu mpya, masikio yanabaki ardhini siku ya kusukuma, modeli inajifunza polepole mahali ufa ulipo. Kasyeto wanapona. Hospitali haizimi. Huwezi kuniambia hilo ni baya."

"Si baya."

"Ukibatilisha, vyeti vyote vya miaka tisa vinakufa. Mtambo unasimama leo hii. Leseni yako inakwenda. Nani amefaidika?"

Nililifikiria hilo kwa haki kadiri nilivyoweza. Kwa idadi ya watu watakaopona alasiri hiyo, njia yake na yangu zilikuwa sawa: elfu moja na mia nane.

"Haitajifunza," nilisema. "Hatua kumi na tatu za uongo zimo ndani ya kila kipande cha mwamba. Modeli itaipima data mpya dhidi ya hizo, itaiona ya ajabu, itaitupa. Ina uhakika asilimia tisini na saba, Mkurugenzi. Kitu chenye uhakika kiasi hicho hakifundishiki. Na atakayekuja baada yangu hatajua aangalie wapi, kwa sababu tutakuwa tumeandika sili."

"Hiyo ni hoja ya dhamiri umeivika koti la maabara."

Nilimwambia si suala la dhamiri. Nadhani nilikuwa nasema kweli kwa asilimia sabini hivi.

"Na Ilundo?" alisema, sasa kwa sauti ya chini, kana kwamba mlango haukuwa na mtu. "Utawaambia nini? Wamekaa kule walikohamishiwa miaka minne. Wana mabati mapya, wana shule. Utawafukulia jambo ambalo limeshapona?"

Gwakisa alihamisha mkoba toka bega moja hadi jingine. Mimi sikumtazama. Nilifungua ukurasa wa kubatilisha.

Uliniuliza sababu. Niliandika: Msiba. Ukajibu kwamba sababu iwe na herufi zisizopungua ishirini. Kwa sekunde kadhaa niliitazama sentensi hiyo, nikiwaza ni nani aliyeiandika, nikaamua nisitafute. Niliandika: Modeli ilikuwa inajisikiliza yenyewe. Uliuliza mmiliki wa kinasa. Niliandika Tupokigwe. Mmiliki amefariki, ulisema, ingiza mrithi. Niliingiza dole la Atuganile. Uliniuliza kama nina hakika. Ukaniuliza tena. Saa nane na dakika hamsini na moja ulikubali.

Uhakika ulishuka kutoka tisini na saba hadi thelathini na nane, na hiyo ilikuwa tarakimu ya kwanza ya kweli kuonekana kwenye skrini ya ukutani. Kwenye ramani, ule ulimi wa bluu uliokuwa umelala chini ya Ilundo kwa miaka minne ulififia, ukawa hauko. Palibaki mwamba mtupu, mzima. Taa za chumba cha pampu zilizimika mbili mbili. Lwitiko alichukua simu kuzungumza na hospitali kuhusu majenereta. Alikuwa ameshaacha kunikasirikia, alikuwa na kazi.

Orodha ya vyeti vilivyobatilika ilijipanga kwenye skrini yangu. Cha kumi na saba: Kuhamishwa kwa kaya 212, kijiji cha Ilundo.

"Chapisha hicho," alisema Gwakisa.

"Barua rasmi zitatumwa kwa kila kaya ndani ya siku tisini."

"Chapisha, Dada. Mama yangu hasomi skrini."

Nilichapisha. Karatasi ilikwama. Nilifungua mlango wa nyuma wa printa, nikaivuta, ikachanika. Nikachapisha tena, ikakwama tena. Gwakisa alisubiri mikono ikiwa nyuma. Mara ya tatu ilitoka. Aliisoma yote, hata namba za chini, kisha akaikunja mara nne na kuitia mfuko wa shati.

"Nyumba yetu ilikuwa salama," alisema.

"Ndiyo."

"Siku ya kubomoa, wewe ulikuja na ramani. Ulisimama pale kwenye stoo. Mama akakuuliza una hakika. Unakumbuka ulimjibu nini?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nimemtajia asilimia.

Aliweka funguo za gari juu ya meza yangu, taratibu, ziangalie upande wangu. Nilimwambia achukue gari, kwamba hakuna atakayeuliza. Akasema gari ni la mvuke. Niliposema nitampeleka mimi, alikuwa ameshafika ngazini.

Dirishani nilimwona akivuka geti na kushika barabara ya kaskazini. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Ilundo ni kilomita kumi na moja, nusu yake mlima, na Gwakisa ana miguu mirefu. Nilipiga hesabu mara mbili. Angefika bado kuna mwanga wa kutosha kuona kilichobaki.